Ziwa likionekana safi baada ya mvua

Pole na wanao. Unauliza kwa nini waliharisha baada ya kuogelea ziwani siku moja tu baada ya mvua kubwa, ilhali maji yalikuwa maangavu. Bakteria hawaonekani kwa macho. Mvua husomba kinyesi cha mifugo na maji ya vyoo hadi ziwani. Mimi husubiri siku 2 au 3 za jua kali, maana mionzi yake huua vijidudu vingi. Kwenye maji yenye tope mionzi hiyo haipenyi vizuri. Epuka pia kona yenye maji yaliyotuama na mabata. Hata mchanga wa ukingoni huficha bakteria, watoto wakiuvuruga bakteria hao wanaibuka tena. Wanao wakihara damu, wakiwa na homa au macho yakibonyea, wapeleke hospitali leo hii.