Hesabu ya damu na saratani ya koo

Kaka, umeuliza kama ile namba ya uwiano wa seli za damu yaonyesha saratani ya koo ya mjomba wako itarudi. La, namba hiyo peke yake haiwezi kukwambia. Ni neutrofili zimegawanywa kwa limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu, na zote zimo kwenye hemogramu ya kawaida, yaani kipimo cha kuhesabu seli za damu. Niko maabara hapa Malindi, twazihesabu kila siku. Ni kweli tafiti nyingi zimeona kwamba ikiwa juu kabla ya matibabu, wagonjwa kwa jumla huwa na hali mbaya zaidi baadaye. Lakini hilo ni la kundi, si la mtu mmoja, na hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa. Isitoshe jino bovu, kifua, sigara au dawa za steroidi huipandisha vilevile.

Chenye uzito zaidi ni hatua ya uvimbe. Ukiwa bado mdogo, haujatoka kwenye nyuzi za sauti, mionzi au upasuaji wa leza huponya takriban wagonjwa 9 kati ya 10. Na sigara aache sasa, kuvuta wakati wa mionzi hupunguza nguvu ya tiba.