Wanaonidai wamewatumia ujumbe hadi wakwe zangu, na mume wangu amehama

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, watoto wawili, naishi Mbagala, nauza mitumba ya watoto. Nilikopa kwenye simu kwa ajili ya ada ya mwanangu wa kwanza, yuko darasa la tatu shule ya serikali. Nikashindwa kurejesha, nikakopa kwingine nilipe kule. Sasa ni aplikesheni tano na wananidai 640,000. Wamewatumia watu waliomo kwenye simu yangu picha yangu ya kitambulisho na maneno kwamba mimi ni tapeli. Bosi wa mume wangu aliusoma ujumbe kwa sauti mbele ya mafundi wenzake. Mume wangu badala ya kunisaidia ameondoka, tangu Jumapili analala kwa kaka yake Kitunda. Mama mkwe huko Muheza walimpigia saa 5 usiku, naye anamjaza mwanawe maneno, ingawa alinitumia elfu 40. Wanasema kesho wanakuja na polisi, na Ijumaa natakiwa kutoa pesa ya mchezo wetu akina mama, wa kupeana kwa zamu. Shangazi, huyu mwanamume ananipenda kweli?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Usiku huu lala, maana mkopo wa simu hauleti polisi mlangoni. Deni ni shauri la madai: anayedai afungue kesi mahakamani, nawe uitwe usikilizwe. Wakija vijana wao wenyewe wakitaka kubeba televisheni, waulize iko wapi amri ya mahakama, halafu mwite mjumbe na mwenyekiti wa mtaa waje washuhudie. Kwenye aplikesheni hukuweka dhamana ya kitu chochote, kwa hiyo hawana cha kubeba.

Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako ina mashimo.

Ada gani, mwanangu? Mtoto yuko darasa la tatu, shule ya serikali. Huko hakuna ada, na mwaka 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne. Michango ya uji na karatasi za mitihani naijua, lakini haimfikishi mtu kwenye aplikesheni tano. Kisha huku mwishoni, kama neno lililokuponyoka, unataja mchezo wa Ijumaa. Hapo ndipo nilipokupata. Mimi nasema ulikopa ili utoe mchezo, kwa sababu biashara ilikuwa imelala na uliona haya kumwambia kijumbe anayekusanya pesa kwamba wiki hii huna. Kila nilipoisoma tena barua yako niliona hivyo hivyo. Na kama mimi nisiyekujua nimeliona, mumeo anayelala nawe kitanda kimoja ataliona mara moja.

Kwa hiyo usiniulize kama anakupenda. Jiulize alivyoipata habari. Mwanamume ameamka, amekwenda kazini, yuko na kipimio mkononi, bosi wake anatoa simu na kusoma mbele ya mafundi wenzake kwamba mkewe ni tapeli. Hakujua kuna mkopo hata mmoja, achilia mbali mitano. Hakukupiga, hakukutukana, hakukurudisha kwenu. Amekwenda kwa kaka yake atulie. Mimi niko upande wake.

Mama mkwe nimemwonea huruma kuliko wote. "Ingawa alinitumia elfu 40": maneno manne tu, umeyatoa kama mtu anayetoa mwiba. Mama mtu mzima anaamshwa saa 5 usiku, mtu asiyemjua anamwambia mkwe wako mwizi. Kunakucha, anatafuta wakala, anatuma elfu 40. Huyo ndiye mjaza maneno? Wangapi kati ya akina mama wa mchezo wamekutumia hata elfu 2? Mpigie leo, umshukuru kabla hujasema lingine lolote.

Sasa nije kwa hao wakopeshaji, maana kosa lako haliwapi ruhusa ya kukuvua nguo hadharani. Ule ujumbe ulioniambatanishia nimeusoma. Picha yako umeshika kitambulisho cha NIDA, na chini yake herufi kubwa: "MTU HUYU AMEKUWEKA WEWE KUWA MDHAMINI WAKE. NI TAPELI. MWAMBIE ALIPE KABLA YA SAA 10 LA SIVYO NA WEWE UTAFUATILIWA." Uongo mtupu. Mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kwa hiari yake. Hawi mdhamini kwa kuwa namba yake imo kwenye simu yako. Wape taarifa wote waliotumiwa wasilipe hata shilingi.

Majina hayo waliyachota siku ile ulipobonyeza "Ruhusu" mara tatu mfululizo bila kusoma, ukiwahi pesa. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimpi mtu haki ya kuchukua picha uliyoitoa kwa ajili ya mkopo akaisambaza kukuaibisha, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko kama haya. Benki Kuu nayo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikataja hadharani aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kukopesha bila leseni ni kosa. Kabla hujalipa, angalia kila moja ya hizo tano kama imo kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni.

Na tupige hesabu, maana wengi mnaogopa hesabu kuliko mnavyoogopa deni. Unasema ile ya kwanza uliomba 100,000, ikaingia 70,000, zile 30,000 wakazikata juu kwa juu, na baada ya siku 7 wakataka 112,000. Yaani kwa wiki moja pesa uliyoishika imezaa 42,000. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 70,000 hiyo ni 2,450 kwa mwezi mzima. Ndiyo maana watu wakaiita kausha damu.

Kabla ya kufuta hizo aplikesheni, piga picha ya skrini kila ujumbe, kila namba iliyokupigia, tarehe na saa. Waombe bosi na mama mkwe wakutumie walivyopokea wao. Uandikie kila kampuni malalamiko kwa maandishi, useme ulipokea kiasi gani na uko tayari kurejesha kiasi gani kwa mwezi. Wasipokujibu vizuri, peleka Benki Kuu kwenye dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Matusi na vitisho vya kwenye simu vina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo nenda kituo cha polisi na ushahidi wako upewe RB, ile namba ya taarifa uliyoitoa. Usitume marejesho kwenye namba binafsi ya kijana yeyote anayejiita afisa mikopo, hata akikuahidi kukupunguzia. Na aplikesheni ya sita usiiguse.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani nimekufutia deni. Ulichopokea mkononi ni pesa ya watu, utakirudisha. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nawe sasa uko matangani.

Barua za namna hii napokea nyingi siku hizi, za wake na za waume, na zote zina simu yenye neno la siri ndani ya chumba kimoja. Mke ana vikoba ambavyo mume havijui, mume ana mkopo wa kazini ambao mke hajauona hata karatasi yake. Kila mmoja anajiona mjanja. Mama zetu walificha hela kwenye pindo la khanga, ni kweli, lakini waliyoficha ilikuwa akiba, na siku mtoto akiugua ilifunguliwa. Ninyi mnaficha madeni. Deni lililofichwa haliwi siri yako peke yako, maana yule anayekudai analijua na siku yoyote atalisema. Ndoa inayosubiri kuambiwa ukweli wake na mkusanya madeni imekwisha oza pembeni.

Kwa hiyo kesho chukua daftari la mtoto, andika zote tano: ulichopokea, unachodaiwa, tarehe. Andika na mchezo. Kama zamu yako haijafika, mwombe kijumbe akusogeze nyuma, na kama ulishapokea, mwambie ukweli kwamba utatoa kidogo kidogo. Akina mama watasema, waache waseme. Halafu panda gari uende Kitunda peke yako, bila rafiki wa kukusemea. Anza na mchezo, kabla ya kuwalaumu wakopeshaji na kabla ya kulia. Mwonyeshe daftari, na simu mpe mkononi ikiwa imefunguliwa.