Maji ya tambi, maji ya matunda: majibu ya maswali yenu ya pasta na pai

Safari hii maswali yamegawanyika karibu nusu kwa nusu: pasta upande mmoja, pai za matunda upande wa pili. Ukiyasoma kwa pamoja, mengi yanalalamikia kitu kimoja, nacho ni maji. Ama yamebaki mahali yasipotakiwa, ama yamemwagwa kabla ya kufanya kazi yake.

Natia mafuta kwenye maji ya spageti lakini bado zinashikana. Nakosea wapi?

Mafuta hayana kazi humo. Yanaelea juu, spageti ziko chini. Ukija kumwaga maji yanazipaka utelezi, na mchuzi nao haushiki. Kinachozigandisha ni wanga wa juu ya pasta, ambao hulainika na kuwa gundi katika dakika mbili za kwanza. Hizo ndizo dakika za kusimama jikoni: koroga mfululizo mara tu unapozitumbukiza, halafu baada ya hapo geuzageuza mara mojamoja tu. Kipimo ni lita 1 ya maji kwa kila gramu 100 za pasta, pamoja na gramu 10 za chumvi, yaani pungufu kidogo ya vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Maji yatokote kwa nguvu kabla hujatia kitu.

Ziepue dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kata uzi mmoja utazame: katikati pawe na kitone cheupe kama ncha ya sindano. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kizima cha maji yale, maana watu wengi huyamwaga yote kisha wakashangaa mchuzi umekaa upande wake na tambi upande wake. Tia spageti kwenye kikaango chenye mchuzi wa moto, mimina robo kikombe ya maji hayo, ongeza moto na ugeuze bila kuacha. Mwanzoni utaona mafuta yamejitenga, yanazunguka pembeni kama vijisarafu. Baada ya dakika moja hivi wanga ulio kwenye maji unayashika, mchuzi unaanza kung'aa na kuuvaa kila uzi. Ukiburuza mwiko na chini hapaonekani dimbwi, zima. Ikikauka kabla ya kufika mezani, ongeza vijiko viwili vya maji yaleyale.

Na usizisuuze kwa maji ya bomba, isipokuwa unatengeneza saladi ya baridi.

Nyama ya kusaga kwa ajili ya mchuzi wa pasta inatoa maji mengi, inakuwa ya kijivu na haina ladha.

Umeichemsha, hujaikaanga. Nyama haianzi kubadilika rangi kuwa kahawia mpaka uso wake ufike kwenye nyuzi 140 hivi, na maji yakiwapo hayapandi zaidi ya 100. Kwa hiyo lazima maji yakauke kwanza, na yakiwa mengi kuliko uwezo wa moto wako, nyama itaiva kabla ya kukaangika. Sababu za kawaida ni tatu: sufuria nyembamba isiyohifadhi joto, nyama nyingi kwa mkupuo mmoja, na nyama iliyotoka friza ambayo haijayeyuka vizuri. Chembe za barafu hupasua nyama kwa ndani, ndiyo maana iliyogandishwa huvuja zaidi.

Kwa watu sita, chukua gramu 500 za nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo. Ikaushe kwa karatasi ya jikoni. Pasha sufuria pana na nzito mpaka tone la maji likidondoka lirukeruke, tia vijiko viwili vikubwa vya mafuta, kisha tandaza nusu ya nyama na uiache. Usiiguse kwa dakika tatu au nne. Mkono utawasha kutaka kukoroga; uzuie. Upande wa chini ukishakuwa wa kahawia iliyokolea, vunjavunja, geuza, toa, uweke nusu ya pili. Chumvi inafuata baada ya hapo, kwa kuwa ikitangulia inavuta maji nje.

Katika sufuria ileile tia kitunguu maji kimoja, karoti moja na bua moja la seleri, vyote vimekatwa vidogo sana, na uvipike kwa moto mdogo dakika 12 mpaka vilegee. Ongeza vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya kopo iliyo nzito na uikaange mpaka iache wekundu wa kung'aa na kuelekea rangi ya matofali. Ikiwa mbichi huacha ukali wa bati mdomoni. Hapo ndipo urudishe nyama, pamoja na mililita 150 za maziwa. Yakishakaribia kukauka, tia gramu 400 za nyanya zilizosagwa na mililita 250 za supu au maji, ukikwangua vizuri vile vilivyoshika chini, maana ladha imekaa pale.

Punguza moto mpaka povu moja moja tu lipande juu. Saa mbili, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Dakika 40 zinatosha kuivisha, lakini hazitoshi kuifanya nyama ilainike na kushikana na mchuzi. Umeiva pale mwiko unapopita chini ya sufuria ukaacha njia, na njia ikajifunga taratibu. Ikijifunga papo hapo, bado kuna maji. Kiasi hiki kinatosha gramu 500 za pasta, hasa ile pana au ya mirija, kwa sababu vipande vya nyama hudondoka kwenye spageti nyembamba na kubaki chini ya sahani.

Makaroni yangu ya jibini yanatoka na mchuzi wa chengachenga, mafuta yanaelea.

Jibini imepata moto kupita kiasi: protini zake zimejikunja zikakamua mafuta. Pika mchuzi mweupe kwanza: gramu 50 za siagi, gramu 50 za unga wa ngano, koroga dakika mbili bila kuunguza, kisha mililita 800 za maziwa ya uvuguvugu kidogo kidogo. Uchemke dakika tano ili unga usiwe na ladha ya ubichi. *Epua.* Subiri dakika mbili, ndipo utie gramu 300 za jibini kwa mafungu matatu, kila fungu liyeyuke kabla ya linalofuata. Usirudishe motoni.

Kwaruza jibini mwenyewe. Ile inayouzwa ikiwa imekwaruzwa hupakwa unga wa kuzuia isigandane, na unga huohuo huufanya mchuzi uwe na mchangamchanga. Jibini iliyokomaa sana ina ladha kali lakini hukatika upesi, hivyo ichanganye nusu kwa nusu na laini inayoyeyuka vizuri.

Makaroni, gramu 400, uyatoe dakika tatu kabla ya muda wake, na mchuzi uonekane mwepesi kuliko unavyotaka. Yatakunywa yakiwa ndani ya oveni. Nyuzi 200, dakika 20 hadi 25.

Lasanya inamwagika kwenye sahani kila nikiikata.

Hujaipumzisha. Dakika 20 nje ya oveni, bila kujali nani ana njaa. Kama hata hivyo inabaki na maji chini ya bakuli, tuhumu mboga: spinachi na uyoga lazima vikaangwe mpaka vikauke, na spinachi ikamuliwe kwa mkono. Oka kwa nyuzi 190, nusu saa ikiwa imefunikwa kwa foili na dakika 15 ikiwa wazi.

Unga wa pai unasinyaa ukiingia kwenye oveni, na ukiiva ni mgumu kama ubao.

Ni matatizo mawili yenye mzizi mmoja. Unga wa ngano ukipata maji na kukandwa hutengeneza gluteni, utando unaovutika kama mpira. Kwenye mkate ndiyo tunayoitafuta. Kwenye pai ni adui. Ukiuvuta ukutane na ukingo wa chombo, joto likiingia unarudi ulikotoka.

Kwa chombo cha sentimita 23, pamoja na kifuniko cha unga: unga gramu 320, siagi ya baridi kabisa gramu 220, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja kikubwa, maji ya barafu mililita 90 hadi 110. Kata siagi vipande vya sentimita moja. Nusu yake ifikiche na unga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga. Mafuta yakizizunguka punje za unga, maji hayazifikii zote, na gluteni inapungua. Nusu nyingine ibonyeze tu, ibaki na ukubwa wa njegere. Vipande hivi vikiyeyuka ndani ya oveni, maji yaliyomo kwenye siagi hugeuka mvuke na kuinua matabaka. Siagi ikilainika mikononi mwako kabla ya hapo, matabaka hakuna.

Nyunyiza maji kijiko kwa kijiko. Acha pale unga ukifinywa unashikana, hata kama bado unaonekana mkavu kwa macho. Usikande, ukusanye tu. Gawa mara mbili, bapaza kila donge hadi unene wa sentimita mbili, funga, weka kwenye friji saa nzima. Ukija kusukuma, anzia katikati kwenda nje, zungusha robo duara, sukuma tena, mpaka milimita 3. Unapoulaza kwenye chombo, uinue uushushe ndani ya kona, usiuvute. Kisha urudi kwenye friji nusu saa nyingine. Wengi huiruka nusu saa hii ya pili, na hapo ndipo pai inaposinyaa.

Juu pai yangu ya tufaha ni nzuri, kitako kimelowana. Na nikiikata juisi inamwagika.

Tuanze na juisi. Menya na ukate kilo 1.2 ya tufaha vipande vya nusu sentimita, changanya na gramu 130 za sukari, kijiko kikubwa cha maji ya limau na chumvi kidogo, uache saa moja. Sukari itatoa maji ambayo vinginevyo yangetokea ndani ya pai. Yachuje, yachemshe kwenye sufuria ndogo mpaka yabaki nusu na kuwa na uzito wa asali nyepesi, yapoe, kisha yarudishe kwenye matunda pamoja na vijiko viwili vikubwa vya wanga wa mahindi. Ninasema ule mweupe laini kama poda, si unga wa mahindi wa kawaida. Ladha yote inabaki, na maji mengi yameshakwenda.

Sasa kitako. Kinalowana kwa sababu siagi inayeyuka na juisi inaingia kabla unga haujashikana. Dawa yake ni joto kali kutoka chini mapema. Weka trei nzito ya chuma kwenye ngazi ya chini kabisa ya oveni, pasha nyuzi 220 kwa nusu saa, na uiketishe pai juu ya trei hiyo ya moto. Chombo cha bati kinafaa kuliko cha udongo, nacho cha kioo kinakuruhusu kuchungulia rangi ya chini, ila usikitoe kwenye friji ukakiweka moja kwa moja juu ya trei ya moto, kitapasuka. Dakika 20 kwa joto hilo, kisha shusha hadi 190 kwa dakika 35 hadi 45. Kingo zikikolea mapema, zizungushie foili.

Usiitoe kwa kuangalia rangi peke yake. Angalia matundu uliyotoboa kwenye kifuniko. Juisi nyepesi hutoa mapovu madogo ya haraka. Iliyoiva hutoa makubwa, mazito, yanayopanda na kupasuka kivivu. Wanga wa mahindi haushiki mpaka ukaribie kuchemka, kwa hiyo pai isiyotoa mapovu katikati haitashikana hata ikilala usiku kucha. Baada ya hapo ipoe saa tatu au nne. Ukiikata ya moto utapata supu, na kosa halitakuwa la mapishi.

Naweza kutumia maembe au matunda ya beri kwa vipimo hivyohivyo?

Hutoa juisi zaidi, hivyo kwa kilo 1 tumia vijiko vikubwa vinne au vitano vya wanga. Maembe yawe yameiva lakini bado magumu, na limau liongezeke hadi vijiko viwili kwa kuwa hayana uchachu wa kutosha. Yaliyogandishwa yatie bila kuyayeyusha, na uongeze dakika 10 hadi 15 za kuoka.

Kwa nini kuna pango kati ya matunda na kifuniko?

Matunda yamenywea, kifuniko kilishakauka pale kilipokuwa. Kuyaacha kwenye sukari kunasaidia. Njia ya uhakika zaidi kwa tufaha: mimina maji yanayochemka juu ya vipande, funika dakika 10, chuja na uvikaushe vizuri kabla ya kutia sukari. Maji yakigusa matunda hupoa kidogo, na joto hilo la wastani huimarisha pektini, ile gundi ya asili ya tunda, na vipande havipondeki baadaye.

Majarini badala ya siagi?

Ya mche mgumu, sawa. Ya kopo ya kupaka mkate, hapana: ina maji mengi, na unga utakuwa wa kubandika vidoleni. Ukitumia majarini punguza chumvi hadi nusu, na maji anza na mililita 70.