Albamu ya kwanza ya mpulizaji mkongwe wa fanki

Umeuliza mpulizaji aliyezoea kuwa nyuma ya mwimbaji aanzie wapi akitaka albamu yake mwenyewe. Msikilize Maceo Parker, mpiga saksafoni wa fanki, muziki wa Kimarekani wenye mdundo mzito. Aliingia kwenye bendi ya mwimbaji James Brown mwaka 1964, na albamu yake Roots Revisited, iliyomtoa hasa kama kiongozi, ikaja 1990. Wapulizaji ni watatu: yeye kwenye saksafoni ya alto, Pee Wee Ellis kwenye saksafoni ya tena (tenor), Fred Wesley kwenye tromboni. Don Pullen yuko kwenye ogani, inayoshika pia sauti za besi, hivyo sehemu kubwa ya albamu haihitaji gitaa la besi.

Kinachowaangusha wengi ni mazoea. Kwenye bendi unapiga noti mbili fupi halafu unanyamaza mwimbaji aendelee. Sasa mwimbaji ni wewe, kwa hiyo andika melodi kwanza, solo baadaye. Solo ya dakika nne juu ya kodi moja (chord, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja) inachosha, hata ukiwa fundi.

Studio: pasha ala moto robo saa ndipo utyuni (urekebishe sauti yake), maana ikiwa baridi sauti hushuka, ikipata joto hupanda. Maikrofoni ya saksafoni iwe sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye ala, ielekee katikati ya vitufe. Ukiitumbukiza kwenye mdomo mpana wa ala, ule wa mwishoni, noti za chini zitanguruma na za juu zitapotea, kwani noti nyingi hutokea kwenye matundu ya ala. Maikrofoni ya tromboni iweke pembeni kidogo. Rekodi melodi ngumu mapema, kabla midomo haijachoka.

Na wapulizaji watatu wapige pamoja chumba kimoja, tafadhali. Wakirekodi mmoja mmoja, miisho ya noti hailingani, na fanki iko hapohapo.