Theluji haichimbwi jamani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma habari inasema wanasayansi "walichimba theluji ya Kilimanjaro wakajua hali ya hewa ya miaka elfu 11 iliyopita". Hapo si ilitakiwa tabianchi?

JIBU: Marahaba. Ndiyo, tabianchi. Hali ya hewa ni mvua ya leo jioni, tabianchi ni mwenendo wa miaka na miaka. Swali lako limeisha, ila mi ndo kwanza naanza, maana umelikanyaga kosa kubwa zaidi ukapita zako: "walichimba theluji".

Theluji unaichimba na nini, kijiko? Theluji ni ile laini inayodondoka, ikilaliwa na nyingine juu yake ikashindiliwa weee mpaka ikakaza, hiyo sasa ni barafu, na barafu ndo Lonnie Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliyoitoboa mwaka 2000, wakatoa fito sita, mrefu kuliko zote kama mita 50, na kwa hesabu zao kule chini kabisa ni ya miaka kama 11,700 iliyopita. Ili kujua tabianchi ya zamani wanapima oksijeni nzito na nyepesi iliyomo kwenye barafu hiyo, wanaangalia na vumbi. Sasa hapo kwenye vumbi! Kwenye ufito mmoja kuna tabaka la vumbi nene kama milimita 30, unaliona kwa macho tu bila darubini, la miaka kama 4,000 iliyopita, wao wanasema ni ukame mkali uliopiga Afrika. Limetua, limefunikwa, limekaa palepale miaka yote hiyo. Haya, liweke vumbi hilo kwenye theluji ya huyo mwandishi wako, jua la saa nne likipiga una matope.

Na usiniletee habari za asili ya neno. Theluji ni ya Waarabu, barafu ya Waajemi, na kwao huko barf ni theluji hasa, najua. Kwetu yameshagawana kazi zamani, mbona ya kwenye friji huiiti theluji?

Brosha za utalii zikiandika "theluji ya Kilimanjaro" nanyamaza, nimechoka kugombana na watu wa matangazo, na kweli theluji huwa inaanguka kule juu. Ila mtu akishatajwa ana drili mkononi, andika barafu bana.