Roboti ya tenisi ya meza: mpira wa kwanza unatua, inayofuata inagonga wavu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Busia, upande wa Uganda. Nimewatengenezea wanafunzi roboti ya kurusha mipira ya tenisi ya meza: mota mbili za volti 12, magurudumu mawili ya gari la kuchezea, na mota ya waipa inayolisha mipira kutoka kwenye ndoo. Mpira wa kwanza unatua vizuri, wa pili na wa tatu inagonga wavu. Ninunue mota zenye nguvu zaidi?

JIBU: Usinunue bado, Mwalimu. Kwanza zima mota ya waipa, kisha lisha mipira kwa mkono, mmoja kila baada ya sekunde tano. Tega sikio. Mpira ukipita, mlio wa mota utashuka kidogo halafu utapanda tena. Huko kupanda ndiko kunakohitaji muda, na nadhani roboti yako haiupati: mpira wa pili unafika magurudumu yakiwa bado yamechoka.

Mpira una gramu 2.7 tu, lakini hurushwa kwa nguvu iliyowekwa akiba ndani ya gurudumu linalozunguka. Gurudumu la kuchezea ni jepesi, akiba yake ni ndogo. Nimepiga hesabu ya kasi ya mita 8 kwa sekunde: kama mota isingesaidia, jozi ya magurudumu ya gramu 10 kila moja ingepoteza zaidi ya robo ya nishati yake kwa mpira mmoja. Ya gramu 30 ingepoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mwone seremala mwenye mashine ya kukereza akutolee magurudumu mawili ya mbao ngumu, kipenyo milimita 60, unene 20, tundu likae katikati kabisa. Yavishe tyubu ya baiskeli. Yakizunguka mara 2,500 kwa dakika utaipata kasi hiyo.

Kisha pima pengo kati ya magurudumu. Mpira ni milimita 40; anza na pengo la 37. Wengi hubana zaidi wakidhani wanaongeza kasi, kumbe wanaikaba mota na kupasua mipira kwenye mshono. Punguza pengo pale tu mpira unapoteleza. Na mipira mipya ioshe, maana huja na unga unaoitelezesha. Usichanganye ya zamani ya seluloidi na ya plastiki iliyoanza mashindanoni mwaka 2014.

Jaribu tena kwa mkono. Ikitua sawa kwa mkono lakini waipa ikiharibu, basi waipa inavuta umeme mwingi na kushusha volti za wenzake. Nyaya zake zianzie moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, au ipe betri yake. Mota hiyo ina nguvu za kuvunja kidole, kwa hiyo mwanafunzi asizibue mpira uliokwama kabla ya kuchomoa waya.

Kujua kama umefaulu, paka unga wa chaki upande wa pili wa meza, rusha mipira ishirini, uangalie vidoa. Vikikusanyika mahali pa ukubwa wa daftari, ndipo uongeze kasi ya gurudumu la juu peke yake, wanafunzi waanze kuzoea mpira unaojikunja kuelekea mezani.