Santa Rosa au Windsor: bia chachu nimpeleke kaka wapi?

SWALI

Dada shikamoo. Mi ni mzaliwa wa Marangu ila nipo Oakland, California, huu mwaka wa sita. Mwezi ujao kaka yangu mkubwa anakuja kunitembelea toka Moshi, mara yake ya kwanza huku, na nataka nimpeleke sehemu ambayo hataisahau. Bibi yetu alikuwa mpika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, tumekulia kwenye harufu hiyo, na kaka mpaka leo ukimpa mbege ya siku ya pili ile iliyoanza kuchachuka anafurahi kuliko umpe kreti zima la lager. Hapa nimesikia Russian River Brewing wana bia chachu za kwenye mapipa ambazo watu wanasafiri toka mbali kuzifuata, lakini wana baa mbili, moja Santa Rosa mjini na nyingine Windsor, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Nina Jumamosi moja tu manake Jumapili nipo shifti. Gari ninalo ila na mimi nataka kunywa. Twende wapi?

*Mchagga wa Oakland*

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kwa huyo kaka uliyemuelezea, nenda Windsor. Ingekuwa ni wewe na marafiki zako mnataka tu kukaa mnywe mpige stori ningekwambia Santa Rosa bila kufikiria mara mbili, lakini mtu aliyekulia nyumba ya mpika mbege unampeleka akaone bia inavyopikwa, sio akaione ikiwa imeshamiminwa kwenye glasi.

Ngoja niwaeleze na wasomaji wengine ambao hawawajui hawa jamaa. Russian River ilianzishwa mwaka 1997 na Korbel, wale watengeneza shampeni wa Guerneville, pembeni ya mto huohuo unaoitwa Russian River, na mpishi wao wa bia alikuwa Vinnie Cilurzo. Mwaka 2003 Korbel wakaamua biashara ya bia basi, Vinnie na mkewe Natalie wakachukua jina, na 2004 wakafungua baa yao Santa Rosa, mtaa wa Fourth Street. Hiyo ndo nyumba ya zamani. Windsor ni kiwanda kikubwa walichofungua Oktoba 2018, kama maili tisa kumi hivi kaskazini ya Santa Rosa ukifuata barabara kuu ya 101. Watu wengi wanawajua kwa Pliny the Elder, bia chungu yenye hopsi nyingi, yale maua yanayotia bia uchungu, lakini bia ya kumpa kaka yako sio hiyo, ni zile za mapipa ambazo majina yake karibu yote yanaishia na "tion": Temptation, Supplication, Consecration, Beatification.

Sasa kwanini Windsor. Pale wana kitu kinaitwa koelschip, neno la kule Ubelgiji na Uholanzi, na ukikiona hakina maajabu yoyote, ni kama sinia kubwa mno la chuma, pana na lisilo na kina, liko kwenye chumba chake. Wakishapika ule uji wa kimea, unamwagwa humo ukiwa wa moto, unaachwa wazi usiku kucha upoe wenyewe, hamira haitiwi kabisa. Hamira na bakteria wanatoka hewani, wanatua, na asubuhi ule uji unapelekwa kwenye mapipa kuanza kazi yake ya polepole ambayo inachukua miezi na miezi. Beatification ndo inatoka kwenye njia hiyo, wenyewe wameibatiza aina yake Sonambic, yaani Sonoma, jina la eneo lile, na lambic, kwa heshima ya lambic, zile bia chachu za Ubelgiji zinazochachuka kwa hewa hivihivi. Kule Brussels wapo Cantillon, nyumba iliyoanzishwa 1900, nao wanafanya hivi, na wanapika miezi ya baridi tu kwa sababu usiku wa joto unaleta wadudu wasiotakiwa. Mwambie kaka yako hayo mkiwa mmesimama mbele ya kile chumba. Hatahitaji maelezo marefu, mtu aliyeona ndizi zimechemshwa zikaachwa siku kadhaa zichachuke zenyewe kabla ya kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi anaelewa hapohapo kwamba hii ni akili ileile, watu wawili waliokaa mbali wakagundua kwamba hewa ya kwao inafanya kazi ukiipa nafasi.

Windsor kuna matembezi ya kujizungushia wenyewe, unapita unaangalia kwa vioo, na kuna ya kuongozwa ambayo ni ya kulipia na unaonja humohumo. Ukiweza lipia ya kuongozwa, weka nafasi mapema manake Jumamosi zinajaa.

Kitu kimoja nataka muulizie mkifika sehemu ya mapipa, ni msumari. Ndiyo, msumari. Ukitaka kuonja bia ya kwenye pipa kwa njia ya kawaida inabidi ufungue kizibo cha juu, na kila ukifungua unaingiza hewa, na hewa ikizidi ndo inageuza bia kuwa siki. Vinnie akaja na njia rahisi mpaka unajiuliza ilikuwaje haikujulikana kote: toboa tundu dogo kwenye uso wa pipa, chomeka msumari wa chuma kisichoshika kutu, siku ya kuonja uvute, bia inaruka kamkondo kembamba kama uzi, kinga glasi, rudisha msumari. Basi. Leo wapika bia za mapipa sehemu nyingi wanautumia na wanauita msumari wa Vinnie. Mi nimesimama mbele ya pipa moja nikautazama ule msumari, kichwa chake kimeng'aa, chini yake kuna alama nyembamba nyeusi iliyokauka pale bia ilipochuruzika ikashuka kwenye mbao, na nikawaza mtu amekuja hapa mara ngapi, ameonja, ametikisa kichwa, ameondoka, bado. Bibi yenu naye alikuwa anachovya kata anaonja anasema bado, si ndiyo?

Santa Rosa siidharau hata kidogo, naipenda. Ni baa ya mjini hasa, ina kelele za watu, piza nzuri, na nyuma kuna mitambo midogo wanapika bia zingine za hapohapo. Na ina faida moja kubwa ambayo kwako inaweza kupindua jibu langu lote, nayo ni usafiri.

Umesema unataka na wewe kunywa. Hapo mdogo wangu naomba unisikilize vizuri. Consecration ina asilimia 10 ya kilevi. Supplication 7, Temptation ni zaidi kidogo ya 7. Huu uchachu unadanganya, mdomoni inapita kama juisi ya ukwaju, huoni ule uzito, unashtukia umesimama miguu haiko na wewe. Sheria ya California ni asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu, na mbali na sheria kuna ile barabara ya 101 jioni na kaka yako kakaa pembeni yako. Kwa hiyo Windsor nenda kama una dereva ambaye hagusi glasi siku hiyo, mke, rafiki, yeyote, mnunulie chakula kizuri na chupa ya kupeleka nyumbani. Kama dereva huna, badilisha mpango, nendeni Santa Rosa na gari ibaki Oakland: panda treni ya BART mpaka Embarcadero, San Francisco, vuka barabara, chukua boti ya Golden Gate mpaka Larkspur, tembea kidogo mpaka stesheni ya treni ya SMART, shuka Santa Rosa Downtown, na kutoka hapo baa mnafika kwa miguu. Kaka atakuwa ameshaona daraja la Golden Gate toka majini na mashamba ya zabibu ya Sonoma dirishani, ambayo nayo ni safari. Treni siku hizi inafika mpaka Windsor, tangu 2025, ila stesheni na kiwanda haviko pamoja, lazima uongeze teksi. Na wikendi treni ni chache, angalia ile ya kurudi kabla hamjaagiza glasi ya kwanza.

Mkishakaa, msianze na Consecration. Naona watu wanaikimbilia kwa sababu ndo kali na ina sifa, alafu zingine zote wanazokunywa baada ya hapo hawazisikii. Anza na Temptation, ni ya rangi ya dhahabu, imekaa kwenye mapipa yaliyokuwa na divai ya Chardonnay, uchachu wake uko wazi na kwa mbali unapata kama ganda la limao na mbao. Alafu Supplication. Hii ndo yangu. Ni bia ya kahawia iliyolazwa kwenye mapipa ya divai nyekundu ya Pinot Noir pamoja na cheri chachu kwa kama mwaka hivi, na ndani yake kuna wale watatu wanaofanya kazi, hamira ya Brettanomyces na bakteria Lactobacillus na Pediococcus. Ukiinusa usiwe na haraka. Kuna cheri, kuna ngozi, kuna kitu kama ghala la nafaka, na ukimeza inakubana mashavu kwa ndani vilevile kama embe bichi lenye chumvi, alafu utamu wa mbao unakuja nyuma taratibu. Beatification mkiikuta inamiminwa siku hiyo chukueni bila kuuliza manake haipo kila wakati. Consecration mwisho, ya mapipa ya divai nyekundu ya Cabernet Sauvignon na karanti, vile vitunda vidogo vyeusi, mgawane moja watu wawili. Agizeni glasi ndogo za kuonja, na ziache dakika chache zipoteze ubaridi. Kuna baa moja, sio ya hawa, waliniletea Supplication kwenye glasi iliyotoka kwenye friza ina barafu pembeni, na nilikunywa glasi nzima bila kusikia chochote zaidi ya ukakasi, pesa yangu na mwaka mzima wa kazi ya mtu umeenda hivohivo. Siku hizi wakileta glasi yenye barafu naomba wabadilishe, kwa adabu, na wewe omba.

Mengine ya haraka. Kaka abebe pasipoti, umri wa kunywa Marekani ni 21 na wanaomba kitambulisho hata ukiwa na mvi. Na angalia tarehe: kila mwaka kuna wiki mbili wanatoa Pliny the Younger, miaka ya karibuni ni mwisho wa Machi kuingia Aprili, foleni kwenye baa zote mbili zinakuwa za masaa, na hiyo ni bia ya hopsi, sio mnachokifuata nyie. Kama safari imeangukia humo, sogezeni.

SWALI

Habari dada. Nilirudi Nakuru toka Ubelgiji na chupa moja ya gueuze nilionunua Brussels, nikaifungua na wenzangu siku ya Krismasi, wote wakasema imeharibika wakaimwaga. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Je, mtu anajuaje bia chachu nzuri na iliyooza?

*Msomaji, Nakuru*

JIBU

Pole sana, nimeumia kusoma hapo kwenye kumwaga. Gueuze ni mchanganyiko wa lambic changa na zilizozeeka, mara nyingi za mwaka mmoja, miwili na mitatu, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa mlimwaga kazi ya miaka mitatu.

Njia yangu ni hii, nusa kwanza bila kunywa. Uchachu mzuri ni ule wa maziwa mgando, wa ukwaju, wa limao, unakaa kwenye ulimi na pembeni za mashavu na unakufanya utoe mate. Uchachu wa siki unapanda puani na kuchoma kooni, ule mkali wa kachumbari iliyozidishiwa siki, na huo ukiwa kidogo sana kwenye bia za namna hii unakubalika, ukitawala basi hewa iliingia sana. Harufu ya zizi, ngozi ya farasi, majani makavu, hiyo isikutishe, ni Brettanomyces anafanya kazi yake na watu wanailipia. Ila ikinuka kucha zilizopakwa rangi au matapishi, hapo waliomwaga wamefanya sawa.

Ukipata nyingine isimamishe wima sehemu ya giza na baridi siku moja mbili ili machicha yatulie chini, kizibo ni cha koki na gesi yake ni nyingi kwa hiyo fungua pole pole kitambaa mkononi, na usiipeleke mbele ya watu kumi wanaosubiri lager ya baridi. Mtafute mtu mmoja aliyekulia kwenye busaa au muratina, mmiminie kidogo na umwachie anywe kabla hujamwambia chochote.